Raba Kumi na Mbili

Fundi Dawood alifika Mkwajuni na bunduki kiunoni. Haikuwa ya risasi. Ilikuwa ile ya kukamulia silikoni, chuma chekundu chenye kifyatulio, kimepachikwa chupa ndefu ya dawa nyeupe. Lakini vile alivyoichomeka kwenye mkanda, na vile alivyoteremka kwenye bodaboda huku amejishika nyonga, ungedhani serikali imemtuma kukomesha vita.

Wazee wakainuka kumpokea. Akina mama wakamtolea kiti. Swaleha, aliyekuwa amekaa juu ya mkunjo wa paipu nyeusi tangu jua halijapanda, hakuinuka. Yeye alitazama viatu. Vilikuwa viatu vyeupe vya kamba, pe, kama meno ya mtoto. Fundi wa maji, na viatu vyeupe! Mtu ambaye kazi yake ni kupiga magoti matopeni! Swaleha akameza alichotaka kusema. Kumeza maneno ndiko alikokuwa hodari kuliko wote kijijini; alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikwisha kumeza mengi.

Mkwajuni ni kitongoji cha upande wa pili wa mto, ukitoka Garsen. Mradi ulikuwa umewajengea tangi juu ya miguu ya chuma, urefu wa minazi miwili iliyopandana, na pampu ya jua ikilijaza kutoka kisimani. Kutoka tangini hadi kibanda cha kuuzia maji ni mita mia nne. Wanakijiji walichimba mtaro wenyewe, wiki mbili, wanaume kwa wanawake. Paipu zikaletwa, mikunjo minane, kila mmoja mita hamsini. Hesabu yake haihitaji shule: mikunjo minane, viungio saba vya kuishikanisha. Kilichobaki ni fundi tu. Kamati ya maji ikaenda Garsen kutafuta fundi, ikarudi na Dawood, kwa sababu Dawood aliwahi kukaa Mombasa miezi miwili, na tangu arudi hajasema sentensi tatu bila kuitaja.

Swaleha alikuwa na sababu yake ya kutaka maji yale yafike. Miaka minane nyuma, mwaka aliomaliza darasa la nane, mamba alimshika mama yake kwenye tafu la mguu pale pale wanapotekea. Mama huyo, Mwanaarusi, alimtia mpini wa kata jichoni, mamba akamwachia, lakini hakuondoka mkono mtupu. Karo ya sekondari ikaenda hospitali pamoja na ule mguu. Tangu hapo Swaleha ndiye ateremkaye mtoni kila alfajiri, na mama yake, anayechechemea, humfuata. Ameambiwa abaki nyumbani hata waliomwambia wamechoka. Husimama ukingoni na fimbo na mtungi mtupu wa plastiki, akaupiga ule mtungi mfululizo, du du du du, mpaka binti yake amalize kuteka na kupanda. Kijiji kizima huamka kwa mlio huo. Wengine huulalamikia.

Ndiyo maana kamati ilipouliza nani atamshikia fundi paipu, Swaleha alisema mimi.

Dawood alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akarudi juu.

"Huyu?"

"Ndiye atakayekaa kibandani kufungulia watu maji," alisema Mzee Komora, mwenyekiti wa kamati. "Mvumilivu sana. Tena aliwahi kufanya kazi Bura, kwenye mashamba ya skimu ya kumwagilia maji."

"Bura wanapanda mahindi, mzee. Sisi hapa tunafanya mitambo." Dawood akamgeukia Swaleha. "Haya, siste. Wewe utashika paipu, wala hutasema. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, fundi."

Kiungio cha kwanza alikifanya mbele ya kamati nzima. Alikata ncha ya paipu kwa panga. Panga! Ncha ikatoka imelala upande kama kofia ya mlevi. Kisha akachukua kiungio, kipande cha plastiki nene chenye nati kubwa pande zote mbili, akafungua nati moja, na ndani yake mkadondoka raba nyeusi, pete nene inayong'aa. Dawood akaitazama ile pete kama mtu aliyekuta nzi ndani ya chai. Akaiokota kwa ncha za vidole, akairusha nyuma. Akafungua nati ya pili, akatoa raba ya pili, akairusha.

Swaleha akasahau maagizo.

"Fundi, hizo raba..."

"Hizo ni za vumbi."

"Za vumbi?"

"Za kuzuia vumbi lisiingie dukani. Kama kile kifuniko cha plastiki kwenye simu mpya. We hununua simu ukaacha kile kiplastiki?" Wazee wakacheka. Dawood akanogewa. "Kuna simu lakini huko kwenu, siste?"

"Bura tulikuwa tukiziacha ndani," Swaleha alisema taratibu. "Mama Istahil, aliyekuwa akituongoza, alisema raba ndiyo inayozuia maji. Nati kazi yake ni kuibana tu. Na paipu inakatwa kwa msumeno, iwe sawa, halafu..."

"Wazee," Dawood aliwageukia, mikono imefunguka kama imamu, "mmeniita mimi au mmemwita Mama Istahil?"

Akachomoa bunduki. Akakamua. Silikoni ikatoka nyeupe na nene, akaizungusha kwenye ncha ya paipu mizunguko mitatu, akaijaza ndani ya nati, akaipaka kwa kidole, akailamba kwa macho. Akasukuma paipu ndani. Ikaingia kwa ulaini wa kuteleza, mpaka pale ilipokataa, wala hakuuliza kwa nini imekataa. Akakaza nati kwa spana kubwa hadi plastiki ikalia. Dawa ikafurika nje pande zote kama povu la ngamia.

"Mnaona?" alisema. "Hapo maji yatapita wapi?"

Mzee Komora aliinama, akagusa ule ufuriko kwa kidole kimoja, na machozi kidogo yakamlengalenga. Ni lazima mtu amjue Komora ndipo aelewe. Yeye ni mchonga mitumbwi. Maisha yake yote amepambana na maji, na maji aliyoyajua ni ya kuingia ndani ya mtumbwi. Mtumbwi ukipasuka, unaupiga kalafati: unashindilia pamba kwenye ufa, unapaka utomvu uliochemshwa, na ukipaka sana ndivyo unavyolala usingizi. Basi alipomwona kijana anayepaka bila ubahili, moyo wake ukamwambia, huyu ni mwenzangu.

"Huyu ni fundi," alisema Komora. "Huyu ana mkono wa kupaka."

Kamati ikaitika. Kamati ya Mkwajuni ina watu tisa na shingo moja. Komora akiinamisha, wote wanainama.

Swaleha akashika paipu. Fundi alipogeuka kuomba maji ya kunawa, akainama, akaokota zile raba mbili, akazifuta udongo, akazifunga kwenye pindo la leso.

Siku hiyo na ya pili yake vilifungwa viungio vinne. Kila kimoja kilitupiwa raba zake mbili, na kila mara pindo la leso likazidi kuwa zito. Swaleha alitazama. Alitazama paipu ikiburutwa juu ya changarawe mpaka ikachorwa mistari kama mgongo wa punda wa mkokoteni. Aliitazama ile karatasi iliyokuja na viungio, yenye picha nne tu, hata asiyejua kusoma angeielewa: msumeno, alama, raba, mkono unaokaza. Alimtazama Dawood akiikunja na kufungia bajia. Alimtazama akizungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi za ile nati ya plastiki, juu ya silikoni, kama mtu anayefunga kilemba juu ya kofia. Tepu ina mahali pake. Kule tangini, kwenye nyuzi za chuma, tepu ni halali yake. Lakini kwa Dawood dawa ilikuwa dawa. Angekuwa tabibu, angempaka mgonjwa wa jino mguuni.

Na huku mikono inapaka, mdomo haulali.

"Mimi Mombasa, siste, nimefunga maji hoteli ya ghorofa saba."

"Ehe."

"Mzungu mwenyewe akaniambia, Dawood, wewe usirudi kwenu."

"Sasa mbona ulirudi?"

Hapo Dawood akakuta ana kazi nyingi ya kufanya na spana.

Jioni ya siku ile ya pili, Swaleha alikwenda kwa Mzee Komora. Alimkuta karakanani kwake, amekalia mtumbwi ambao haujaisha, tezo mapajani. Akamwamkia, akachutama, akafungua pindo la leso. Raba nane zikalala juu ya mchanga.

"Babu, hizi zinatakiwa ziwe ndani."

Komora akaokota moja, akaivuta, ikarudi. Akainusa.

"Raba," alisema.

"Ndiyo, babu."

"Mjukuu wangu, mimi nimechonga mitumbwi thelathini na mmoja. Umewahi kuona mtumbwi wa Komora una raba?"

"Babu, mtumbwi unazuia maji yasiingie. Hii inazuia yasitoke. Tena yanasukuma. Tangi liko juu kule..."

"Maji ni maji."

"Na ile dawa inateleza. Ndani ya kiungio kuna meno ya kuishika paipu. Ikipakwa dawa, meno yanashika nini?"

Komora akamtazama kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko cha Dawood.

"Ulisoma mpaka wapi, Swaleha?"

"Darasa la nane, babu."

"Basi," alisema Komora, akamrudishia raba yake, akaendelea kuchonga. Neno basi alilitamka kama anayefunga mlango wa banda la kuku.

Nyumbani, Mwanaarusi alikuwa amenyoosha mguu mkekani akiusugua mafuta. Swaleha akamweleza. Alhamisi, alisema, anakuja bibi wa mradi, yule Sagal wa Hola. Atafungua maji, watu watapiga vigelegele, na Komora atatia sahihi karatasi ya kuipokea kazi. Ikishatiwa sahihi, mradi umekwisha. Kinachovuja ni chetu, kinachopasuka ni chetu, na hao hawarudi tena.

"Kwa hiyo tutarudi kwa yule wa jicho moja," alisema Mwanaarusi. Hakulitamka jina la mamba, hakuwahi kulitamka.

"Tutarudi."

Mama akafunika chupa ya mafuta.

"Usigombane na mtu anayependwa na Komora. Utaitwa mjeuri, na mjeuri hapewi ufunguo wa kibanda."

"Sigombani, mama. Naokota tu."

Siku ya tatu, saa sita mchana, Dawood akaenda kula. Dawood kwenda kula ni safari: wali, maji ya kunywa, usingizi, simu kwa mtu wa Mombasa. Kiungio cha tano kilikuwa kingali ndani ya mfuko wake. Swaleha akatazama barabara. Akatazama mtaro. Akamwendea jirani yake aliyekuwa akikata chuma cha baiskeli, akaazima msumeno.

Akaikata paipu taratibu, wima, akiizungusha ili meno yasikengeuke. Akayakwangua makali yale ya ncha kwa kisu mpaka yakawa laini, kidole kikipita hakishikwi. Akapima kina cha kiungio, akatia alama kwenye paipu kwa kaa la moto lililozimika. Akafungua nati, akaziacha raba pale zilipozaliwa. Akachovya vidole kwenye maji ya sabuni, akalowesha ncha kidogo tu, akasukuma. Paipu ikakataa kidogo kwenye raba. Hapo ndipo Dawood huachia. Swaleha akajikaza goti, akasukuma tena, akasikia mshiko unabadilika, paipu ikapita raba na kwenda hadi alama ya kaa. Akakaza nati kwa mkono, kisha kwa spana nusu mzunguko. Upande wa pili vile vile. Kazi ya dakika kumi na tano. Hakukuwa na kitu cha kuonyesha. Kiungio kikavu, kimekaa kimya kama mtu mwenye akili.

Dawood aliporudi akakiona.

"Nani kafanya huu utoto?"

"Mimi."

Swaleha alitarajia matusi. Alichopata ni kicheko. Dawood alicheka mpaka akashika magoti, akawaita wazee waje waone. Kiungio hakina dawa hata tone! Hata kiti cha plastiki kina adabu kuliko hiki! Mzee mmoja akapendekeza kipakwe upesi, lakini Dawood akanyanyua kidole.

"Hapana. Kiacheni hivyo hivyo. Vingine vyote tutafukia, mtaro usawazishwe, Alhamisi wageni wakute uwanja. Hiki tu kibaki wazi. Nataka maji yakifunguliwa kila mtu aone darasa la nane linavyovuja."

"Mtaro si unafukiwa baada ya kujaribiwa?" Swaleha aliuliza.

"Wewe hutembea uchi ndipo uvae?"

Kamati ikacheka kwa shingo yake moja. Viungio viwili vilivyobaki Dawood alivifunga yeye mwenyewe, raba nne zikaruka, Swaleha akaziokota. Akazitunga zote kwenye uzi wa katani. Kumi na mbili.

Alhamisi ilipofika, hema lilikuwa limesimamishwa hatua hamsini kutoka kibandani, juu ya mtaro wenyewe, kwa sababu pale ndipo palipokuwa pamesawazika vizuri. Viti vya wakubwa vilipangwa safu, na kiti cha mwenyekiti, chenye mito, kikaja kukaa juu kabisa ya kiungio cha saba. Hakuna aliyepanga hivyo. Kila mtu alikwisha kusahau kiungio kilipo, isipokuwa mmoja, na huyo hakuulizwa.

Sagal alifika saa nne na gari lililojaa vumbi. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ameshika faili. Aliketi, akakataa soda, akauliza maji yako wapi. Dawood akakimbia tangini kufungua koki. Aliifungua robo tu. Hilo Swaleha aliliona kwa mbali, kwa mkono wa fundi uliozunguka mara moja ukaacha. Mwoga anajua anachoogopa hata kama hakijui jina.

Kibandani, Swaleha akafungua bomba. Likakohoa, likatema upepo, likatema tope, halafu maji yakaja. Membamba, lakini maji. Vigelegele vikapasuka. Mwanaarusi, aliyesimama karibu amejiegemeza fimbo yake, hakupiga kigelegele. Alimtazama binti yake usoni.

Chini ya hema, Komora alikuwa amesimama akihutubia. Alishukuru mradi, akashukuru kamati, akamshukuru fundi Dawood, kijana mwenye mkono wa kupaka. Akasema mkitaka kujua tofauti ya fundi na asiye fundi, nendeni mkatazame kile kiungio kilichoachwa wazi pale. Watu wawili wakaenda, wakainama, wakarudi.

"Kikavu," walisema, kwa masikitiko.

"Ngojeni," alisema Dawood. "Bado."

Sagal akafungua faili, akatoa karatasi, akamsogezea Komora kalamu.

Swaleha alikuwa na mkono kwenye bomba. Alikumbuka kule Bura, Mama Istahil amesimama shambani na kofia ya ukili, akiwaambia wasichana wanane waliochoka: paipu inayotiririka haijajaribiwa. Yenye mdomo wazi haina siri. Ifunge mdomo, ungoje, ndipo utajua kilicho tumboni.

Akafunga bomba.

Alifunga tu, kama mtu anayefunga ili maji yasipotee bure. Kisha akamtazama mama yake, akatazama tangi, na Mwanaarusi, ambaye hakujua lolote la koki wala raba lakini alimjua mtoto wake, akaanza kujikokota kuelekea tangini.

"Mama unaenda wapi?" Dawood aliita.

"Kwenda kuona mlipoweka maji yetu mwanangu, kwani ni haramu?"

Alifika Sagal angali akimsomea Komora karatasi mstari kwa mstari, akaishika ile koki kwa mikono miwili, akaizungusha mpaka ikagota.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Komora alikuwa akitafuta miwani. Halafu mbwa mmoja, kule karibu na tangi, akasimama, akanusa ardhi, akaanza kuilamba. Duara jeusi likatokea kwenye vumbi pale kilipofukiwa kiungio cha kwanza. Likapanuka. Hatua hamsini mbele yake likatokea jingine. Watu wakaanza kuonyeshana. La tatu. La nne. Kwenye kiungio cha tano, kile kilicho wazi, hakuna; kimekaa jua linakipiga, kikavu kama mfupa. La sita likaja kwa pupa, likitoa mapovu.

"Jasho!" alipaza sauti Dawood. "Paipu mpya hutoa jasho!"

"Hiyo yenu ina homa," mtu akajibu.

Komora alikuwa amekwisha kuvaa miwani na kuishusha kalamu, wino umegusa karatasi, pale ardhi chini ya kiti chake ilipopiga kwikwi. Paipu ilichomoka ndani ya kiungio cha saba, laini, imepakwa vizuri, haina cha kuishika. Maji yakapasua udongo yakapanda juu kwa ghadhabu ya mita zote zile za tangi. Mwenyekiti, mito, hotuba na kalamu vikaenda pamoja. Hema likajaa tumbo, likalala. Akina mama wakapiga kelele, halafu, Mungu awasamehe, wakacheka. Dawood akarukia shimo na viatu vyake vyeupe, akazama mpaka magotini, akajaribu kuziba mdomo wa paipu kwa viganja, maji yakimpiga kidevuni.

"Fungeni koki! Fungeni koki, mwendawazimu gani kaifungua?"

"Ngoja nije, mwanangu," Mwanaarusi aliitika kutoka mbali, bila haraka. "Mguu wangu unaujua."

Maji yalipokatika, Sagal aliteremka shimoni na viatu vyake vya ngozi. Akaivuta ncha ya paipu. Vidole vikatoka vimejaa uteute mweupe. Akaunusa, akaufuta kwenye shati la Dawood, aliyekuwa karibu kuliko ukuta wowote. Akaingiza kidole ndani ya kiungio, akazungusha.

"Raba iko wapi?"

"Madam, hii dawa ilikuwa haijakauka vizuri, na maji ya huku mazito, Mombasa sisi..."

"Nimeuliza raba."

"Vilikuja bila raba, madam. Wallahi. Kiwanda siku hizi..."

Swaleha akafika ukingoni mwa shimo. Akachutama, akautoa ule uzi wa katani kwenye pindo la leso, akauning'iniza mbele ya uso wa Sagal. Raba kumi na mbili, zimefutwa, zinang'aa, zinagongana kimya kimya.

Sagal akazihesabu kwa macho. Akatazama mstari wa mabaka ya maji, akaona pale palipokosekana baka.

"Abaayo, dada yangu, kile kikavu ni cha nani?"

"Changu."

"Dawa gani ulitia?"

"Maji ya sabuni, ya kulainishia tu. Kiungio hicho hakitaki dawa. Dawa yenyewe inaondoa raba mahali pake, na paipu inateleza."

"Na hizi nani alizitoa?"

Nusu ya kijiji walikuwa wakijibu kwa pamoja, "Ni za vumbi! Ni za vumbi!" na wengine wakishika simu zao wakijifanya kubandua kiplastiki. Watu wale wale waliocheka siku ya kwanza. Swaleha aliwadharau hapo kuliko alivyomdharau Dawood. Dawood angalau alisimama mahali pamoja.

Sagal alirudisha karatasi ndani ya faili. Alisema haitiwi sahihi mpaka viungio sita vifukuliwe, ncha zilizopakwa zikatwe zote zitupwe, kila kimoja kifungwe upya na kijaribiwe kikiwa wazi. Anawapa siku mbili. Na atakayefunga ni huyu binti. Dawood akaanza kusema habari ya cheti. Sagal akamwuliza kama cheti chake nacho ni cha kuzuia vumbi.

Swaleha akateremka shimoni na msumeno wa jirani. Akanawa mikono kwenye maji ya sabuni. Fundi alikuwa amesimama, tope magotini, bunduki yake ya silikoni inaelea kando kama samaki aliyekufa.

"Shika paipu, fundi," alisema Swaleha.

Akashika. Wala hakusema.

Jumamosi jioni tangi lilifunguliwa mpaka koki ikagota, bomba likafungwa, na kijiji kizima kikatembea kando ya mtaro ulio wazi kikiinamia viungio saba, hakuna hata tone. Mzee Komora alitia sahihi. Kabla hajatia alieleza kwa kirefu kwamba yeye tangu mwanzo ile dawa aliitilia shaka, maana utomvu mzuri hauna harufu ya siki. Kamati ikaitika. Dawood alikuwa amekwisha kuondoka. Walisema amepata kazi ya tangi la msikiti upande wa Kinakomba, na kwamba sasa anawafundisha watu habari za raba. Mombasa ndiko alikojifunza.

Jumapili alfajiri Swaleha aliamka kwa mazoea, akatafuta mtungi wa kutekea, akakumbuka, akakaa kitandani. Halafu akausikia. Du du du du. Akatoka mbio.

Mama yake alikuwa amesimama ukingoni mwa mto, peke yake, fimbo mkononi, akiupiga mtungi mtupu. Hakuna aliyekuwa akiteka. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yametulia, na kwenye utulivu ule, mbali kidogo, vikaonekana vitone viwili, pua na jicho.

"Mama! Si maji yako kibandani? Unafanya nini huku?"

"Nilikuja kumwambia," alisema Mwanaarusi bila kugeuka, "asije akangoja bure akasema hatukumuaga." Akaupiga mtungi mara ya mwisho kwa nguvu zake zote, kisha akauvurumisha majini, chubwi. "Haya, kula hiyo, chongo we! Na ukikosa chakula, mfuate fundi Kinakomba. Amepakwa mafuta, atateremka vizuri."

Akamkabidhi binti yake fimbo, akamshika bega, wakapanda ukingo taratibu, kwa kuwa Swaleha alipaswa kufungua kibanda saa kumi na mbili na nusu, na ufunguo alikuwa nao yeye.